Kibandiko Nyuma ya Shetani

Kibao kimoja cha udongo, urefu wa kiganja changu na upana wa vidole vinne, kilinigharimu randi elfu nne na mia mbili, Jumamosi tatu, na ile sifa niliyokuwa nayo ya mtu asiyekosea. Nimehesabu mara mbili. Sifa haikurudi. Randi nitaeleza zilikokwenda.

Nawaandikia nyinyi mliobaki pale ghalani Jeppestown, watu wa Uvira, Bujumbura na Kigoma, mnaoshusha makabati ya marehemu kwenye ngazi huku mkitukanana kwa Kiswahili. Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno. Nikasema asante nikakaa, kwa sababu keki ilikuwa moja na nyinyi mlikuwa kumi na wanane. Neno lenyewe ndilo hili, na mwishoni nina ombi.

Kwa yule aliyeanza juzi, kazi yetu ni hivi. Mtu anafariki, watoto wake wako ng'ambo, wanaipigia simu nyumba ya mnada. Sisi tunaenda, tunahesabu, tunafunga, tunabeba, tunasafisha, na Jumamosi vitu vinapigwa mnada. Mimi niliingia nikiwa na miaka thelathini na nane, mtu wa Morogoro, nyuma yangu kukiwa na biashara ya vitenge iliyokufa Maputo. Nilidhani nimekuja kubeba mizigo miezi mitatu. Nimebeba miaka ishirini na sita.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Ntate Petrus, yaani Mzee Petrus, Mpedi wa Limpopo, mfungaji mkuu, mtu mwenye mikono mikubwa kama sahani za pilau. Alinipa gazeti na kikombe cha chai chenye ua la dhahabu.

"Funga."

Nikafunga. Alikichukua, akakiinua usawa wa kifua, akakiachia. Kikavunjika.

"Rudia."

Cha pili kikavunjika, cha tatu pia. Cha nne kilidunda sakafuni kikatulia, naye akasema, "Sasa umeajiriwa." Mchana nikaona akilipia vile vikombe vitatu kutoka mfukoni mwake. Alikuwa ameshaviweka kwenye bajeti. Tangu siku hiyo nilijua nimepata mwalimu anayehesabu kama mimi.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: brashi ya kunyolea ndevu kwa vumbi, kioo cha kukuza, futi kamba, kurunzi. Ya kurunzi ilikuwa elimu ya Ntate Petrus. Usimulike kitu kwa mbele, alisema, mulika kwa ubavu, mwanga ulale. Hapo kila kiraka na kila gundi vitatoa kivuli. Pia alinifundisha kugeuza kitu kabla ya kukisifia. Na alinifundisha kubandua stika. Hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo isikilizeni vizuri.

Mnajua kwamba vitu vingi vinatufikia vikiwa na vibandiko vya maduka yaliyotangulia. Mnunuzi akiona kwamba mtu alikinunua kile kitu kwa shilingi tano enzi za babu yake, anaanza kuchomoa kikokotoo. Kwa hiyo tunaondoa. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, ukucha wa dole gumba, unasukuma kutoka kona. Nilikuwa bingwa. Wengine mlikuwa mnaniletea vya kwenu. Kioo, kaure, fremu, lolote, sekunde kumi limebaki uchi. Hata usingizini dole gumba langu lilikuwa linatafuta kona.

Sasa nije kwa Mama Neema.

Wengi wenu mnamfahamu kwa sambusa zake za Ijumaa, lakini sambusa zilikuja baadaye. Mama Neema ni mtu wa Bukavu. Kwa miaka saba alikuwa akimuuguza bibi mmoja wa Kizungu, mjane, ambaye mumewe ujana wake alifanya kazi ya reli huko Iraki. Bibi alipofariki aliacha karatasi: shetani wa ukutani jikoni apewe Mama Neema. Wanawe hawakupinga. Walimkabidhi kwa haraka sana, kama watu wanaoogopa atabadili mawazo.

Alikuja naye ghalani Alhamisi moja, mwaka wangu wa mwisho kazini, amemfunga ndani ya kitenge. Akafungua juu ya meza yangu.

Nimeona vitu vibaya katika kazi hii. Nimeona mguu wa tembo uliofanywa kikapu cha miavuli. Lakini huyu aliniita nisogee. Kibao cha udongo uliochomwa, na kiumbe kimetokeza juu yake: uso wa mbwa aliyekasirika, macho yametoka nje kama ya mtu aliyetajiwa bei, mbawa nne, miguu ya ndege mwenye makucha, mkia umejipinda juu. Mkono mmoja juu, mmoja chini, kama askari wa trafiki siku robot, zile taa za barabarani, zimezimika. Nyuma, katikati, kibandiko cha karatasi ya kahawia, ukubwa wa stempu mbili.

"Papa Rajabu, utanipa ngapi?"

"Hiyo? Mama, mimi ndiye ningelipwa kuiondoa mjini."

"Usianze. Nakujua weye. Ukisema kitu ni mubaya, njo unaitaka."

"Umeitoa wapi sura hii?"

"Sura ni ya kwake, miye nimeleta tu. Sema bei."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Akaketi kwenye kreti, akanieleza. Binti yake Neema alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Alikuwa anaishi Joubert Park, ghorofa ya tisa, lifti imekufa tangu kabla ya Krismasi, na kila siku anapanda na kushuka na tumbo lake kwenda kusuka nywele za watu. Mama alikuwa amempatia chumba La Rochelle, cha chini kabisa, mlango unafunguka uani. Mwenye nyumba alitaka dhamana na kodi ya mwezi wa kwanza kabla mwezi haujaisha, ama ampe mtu mwingine. Mama hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa huyu.

"Na lazima atoke kwangu mbele ya siku ya Mungu," akaongeza. "Bamama ba kanisa banakuja kuomba mu nyumba. Bamesema njo yeye anakulaka batoto ba Neema. Bamesema bataivunja na nyundo."

"Wamemwona?"

"Bamemuona mu video call. Batatu balipiga kelele."

Basi hesabu ikawa rahisi: leo Alhamisi, nyundo inakuja Jumapili, katikati apatikane mnunuzi, na Neema ashuke kutoka ghorofa ya tisa kabla miguu yake haijamshinda. Nikamwambia aniachie, nitaona.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka kwenye sinki.

Mnajua tayari nilichofanya. Nilifanya kile tunachofanya kwa kila kitu. Niliona wino uliofifia kwenye kile kibandiko, herufi kadhaa, na namba 34. Nikajisemea, shilingi thelathini na nne, mtu asione. Maji, sabuni, ukucha. Sekunde kumi. Karatasi nikaifinya nikaitupa. Kisha nikamsugua na usoni, maji yakatoka mekundu, nami nikafurahi: uchafu unatoka.

Alipokauka nilizima taa nikamlazia kurunzi ubavuni, na hapo ndipo udadisi uliponikamata. Mgongo ulikuwa umejaa mabonde madogo. Nikaweka kidole changu kwenye bonde moja, kikaingia. Nikaweka cha pili, kikaingia. Mtu alikuwa amekandamiza udongo huu kwa vidole vyake, kutoka nyuma, kwa haraka, kama mtu mwenye vingine ishirini vya kumaliza kabla ya chakula. Dole gumba lake lilikuwa nene kuliko langu. Nilikaa pale na vidole vyangu ndani ya vidole vya mtu mwingine, chai ikapoa.

Nikampigia mwanamama mmoja ninayemwita Profesa, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, wa mambo ya kale. Alishanunua kabati tatu za vitabu kwetu na kila moja tulibishana mpaka karibu tuitane majina. Jumamosi saa tatu alikuwa ghalani. Hakusalimia. Aliinama juu ya meza, akavua miwani, akaivaa, akavua.

"Huyu ni Pazuzu," akasema.

"Ni nani kwao?"

"Shetani wa Babeli. Mfalme wa pepo wabaya wa upepo."

Nikamwambia, basi wale akina mama wa kanisa wana macho. Profesa akatikisa kichwa.

"Subiri. Kulikuwa na mwingine wa kike, Lamashtu, aliyekuwa akiingia kwa wajawazito na kuchukua watoto. Kitu pekee alichokuwa anakiogopa ni huyu hapa. Kwa hiyo mwanamke akikaribia kujifungua, walimtundika huyu karibu na kitanda chake. Mbaya wa kumfukuza mbaya zaidi."

Nikauliza kama aliyemtengeneza alikuwa fundi mkubwa. Akacheka. Alisema vibao vya namna hii vilikuwa vya watu wa kawaida. Palikuwa na kalibu; unabandika udongo mbichi ndani yake, unakandamiza kwa vidole, unamtoa, unamchoma, unachukua udongo mwingine. Hakuna aliyeuliza yupi wa kwanza. Nikamheshimu yule fundi. Huyo ni mtu wa soko.

"Anaonekana ni wa kweli," Profesa akaendelea, "ingawa maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Kawaida hubaki na rangi kidogo, nyekundu hivi, kwenye mikunjo. Wako hana kabisa. Ajabu." Nikayakumbuka yale maji mekundu. Akamgeuza. Katikati ya mgongo palikuwa na mraba safi, ukubwa wa stempu mbili. "Hapa palikuwa na nini?"

Nikamwambia. Ile namba nayo nikamwambia.

Sijawahi kuona mtu akikaa chini polepole namna ile. Alinieleza kwamba nchi ile, Iraki, imeibiwa vitu vyake mno, na sheria ni kali. Kitu kama hiki, bila maandishi ya kuonyesha kilitoka lini na kwa ruhusa ya nani, hakuna mnunuzi mwaminifu atakayekigusa. Kibandiko kile huenda kilikuwa na jina la mahali na mwaka, yaani ile 34. Huenda kilikuwa ndio ushahidi wote uliokuwepo duniani. Nilikimbilia pipa la taka. Lilimwagwa Ijumaa, na wavuta mikokoteni walishachambua walichotaka. Mimi, ninayehesabu misumari, sikusoma kikaratasi hata mara moja.

"Na mnunuzi asiye mwaminifu?" nikauliza.

"Huyo yupo. Unamjua wewe kuliko mimi."

Ni kweli. Nilikuwa na namba za wawili kwenye simu. Mmoja angetoa noti bila kuuliza, Mama Neema angepata chumba chake na akiba, na hakuna ambaye angejua nilichofanya kwenye sinki. Naliandika hili kwa sababu siku moja nanyi mtasimama hapo. Nilizitazama zile namba kutoka Jeppestown mpaka Rosettenville, ndani ya teksi, simu mkononi. Nilipofika kwa Mama Neema nilikuwa sijapiga, na sijui mpaka leo kama ni wema au ni uoga.

Nikamweleza yote, sinki na ukucha.

"Papa Rajabu," akasema taratibu, "miaka yote unauzaka mavitabu ya batu bamekufa. Kusoma hujui?"

"Najua, Mama."

"Unajua."

"Nilidhani ni bei."

"Weye, hata Mungu akikuandikia barua, utatafuta bei."

Nikamweleza na ile habari ya Babeli, ya wajawazito na ya kitanda.

"Sasa huyu ni shetani ao ni askari?"

"Ni shetani anayefanya kazi ya ulinzi."

"Kama marehemu bwana yangu. Sura mubaya, kazi sekyuriti." Akajipangusa jicho kwa ncha ya kitenge, sijui kama ni kicheko. "Na Neema? Atabakia kule juu sababu ya kikaratasi?"

Hapo ndipo pesa zangu zilipoingia. Nilisema nitatoa elfu tatu. Akanitazama. Nikasema elfu tatu na nusu, kwa kuwa kosa si langu peke yangu, ni la desturi ya kazi. Akaendelea kunitazama. Kwa mara ya kwanza maishani nikajipandishia bei mwenyewe bila mtu kufungua mdomo. Dhamana elfu mbili na mia moja, kodi elfu mbili na mia moja. Yeye naye akakubali kibao kirudi kwa wenyewe, na Profesa, nilipompigia simu, akaahidi kuandika barua kwa wanaohusika. Mama akatia sahihi karatasi ya kukikabidhi kibao, kwa kalamu yangu, kisha akaiweka kalamu kwenye mkoba wake.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuta ukuta na msumari. Waliuombea msumari kwa dakika arobaini.

Jumamosi iliyofuata tulimshusha Neema. Baadhi yenu mlikuwepo. Ngazi mia moja sitini na mbili. Nilihesabu kupanda na kushuka, zikalingana. Neema ni mtoto wa mji huu, Kiswahili anakisikia chote lakini kinamtoka kwa kuchanganya. Kila ghorofa alisimama, akashika reli. "Eish, Malume, polepole," akasema, ananiita mjomba kwa Kizulu. "Mimi si wardrobe." Tulipofika chini aligeuka akatazama juu, madirisha yote yale, halafu akatema mate kwenye ngazi ya kwanza, kwa adabu kabisa, pembeni.

Jumamosi ya tatu niliitumia kwa Profesa. Kabla hajampeleka kule anakotakiwa, nilimwomba ruhusa nichukue nakala. Mnakumbuka jinsi tunavyotengeneza maua yaliyovunjika kwenye fremu za zamani: unabonyeza udongo laini juu ya ua zima, unapata shimo lake, unamimina plasta. Nilimfunika kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, nikabonyeza kwa upole, Profesa amesimama nyuma yangu anapumua kama daktari wa meno. Nilitaka kumbukumbu tu. Nikaipeleka kalibu nyumbani, nikaiweka juu ya friji.

Mwezi wa nane wa mimba ulipita, wa tisa ukapita, Neema akajifungua msichana salama. Kilo tatu na gramu mia mbili. Siku ya kumi na mbili akanipigia.

"Malume, silali. Namwangalia tu kama anapumua. Mama aliniambia ile story, ya yule mlinzi. Anasema uko naye wewe. Please, mlete. Hata kwa muda."

Nikampigia Mama Neema. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia binti yake kwamba kibao kimeondoka.

"Alikuwa na tumbo. Ningemuambia nini, askari amefukuzwa kazi?"

"Sasa nimwambie nini?"

"Usimuambie kitu. Tengeneza ingine."

"Mama, hiyo itakuwa nakala."

"Si ulisema kule kwao balikuwa banatengeneza mingi mingi? Tengeneza."

Nilinunua mfuko wa udongo. Nikaubandika kwenye kalibu, nikaukandamiza kwa nyuma kwa vidole vyangu mwenyewe, haraka, jinsi nilivyoona yule fundi alivyofanya. Wafinyanzi jirani zetu pale Jeppestown walimchoma kwenye tanuri lao pamoja na vikombe. Wa kwanza alipasuka. Wa pili alitoka na sikio lililopinda na macho makubwa zaidi. Nikampeleka La Rochelle, nikamtundika juu ya kitanda. Neema aliuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema, "Ndiye Pazuzu." Hiyo ni kweli, na niliichagua kwa uangalifu. Wiki ile ile mama yake akaniambia analala mpaka asubuhi. Ijumaa sambusa zikaanza kuja ghalani.

Nikastaafu. Nikadhani hesabu imefungwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mtoto. Anasimama kwa kushika kiti, ana meno manne. Neema alinikaribisha chai, akamtazama yule juu ya kitanda, akaniambia hivi, na ninawaandikia kama alivyosema: "Malume, nimefikiria. Huyu si wetu. Yeye ana kwao, na kule pia kuna wamama. Nikimwachisha mtoto ziwa, nitampeleka mwenyewe. Nipe namba ya yule Profesa wako. Nataka nimkabidhi kwa mkono wangu, nimwambie asante."

Nikanywa chai iliyokuwa ya moto bado.

Mama yake anasema ninyamaze, kwani kibao kimefanya kazi yake na kazi ndiyo kitu. Profesa, nilipomwuliza kwa mzunguko, alisema mwanamke wa Babeli naye alipewa kipande cha kalibu na akalala, na hakudanganywa. Lakini mwanamke wa Babeli alijua ni cha kalibu. Neema anadhani amebeba kitu cha maelfu ya miaka, anakipangusa vumbi kwa kitambaa cha mtoto, na anataka kukirudisha kwa heshima ambayo mimi, na elfu nne na mia mbili zangu, sikuwa nayo siku ile kwenye sinki. Nikimwambia leo, naogopa usingizi wake utaondoka kabla mtoto hajaacha ziwa. Nisipomwambia, atafika mbele ya Profesa na udongo wangu mikononi, na ataaibika kwa kosa langu.

Kuachisha ziwa ni mwezi ujao. Nyinyi mna watoto, na mna mama zao, ambao nawaomba muwaulize pia. Nimwambie sasa, nimwambie baadaye, au nimpe ile namba na niende naye, nisimame pembeni yake atakapokitoa kile kibao? Nijibuni kabla ya mwisho wa wiki. Asiye na ushauri asinitumie maombi.